HR, acheni kununua kozi kwa kilo: Coursera, Udemy, LinkedIn Learning na edX, kila moja inapowakamua

Wakuu, heshima kwenu.

Huu ni uzi wa hasira, na hasira yenyewe ina anwani mbili. Ya kwanza ni majukwaa yanayouza mafunzo ya kazi mtandaoni. Ya pili ni HR (maafisa rasilimali watu) wanaoyanunua bila kusoma masharti, halafu mwisho wa mwaka wanawaita watu ofisini kuwauliza mbona asilimia ya waliomaliza iko chini.

Kila bajeti ya mafunzo inapofika mezani, jedwali la ulinganisho ni lile lile: hili lina kozi elfu kumi, lile lina laki mbili, hili nembo yake inajulikana, tulipie. Mtu anaumwa jino, mnamnunulia duka zima la dawa. Mhasibu anataka kuoanisha taarifa ya benki na daftari la fedha kwenye Excel bila kunakili mstari kwa mstari. Kozi laki mbili anazipeleka wapi? Na hizo laki mbili zenyewe hamzipati. Leseni ya kampuni ya Udemy Business inafungua sehemu tu ya kozi zilizoko kwenye soko la Udemy, tena zimechaguliwa na wao, na orodha hubadilika.

Jedwali la maana lingeanza na swali moja: cheti kinatoka mtu akishafanya nini?

Udemy: kinatoka pale masomo yote ya video yanapowekewa tiki. Tiki hiyo mtu anaweza kuiweka mwenyewe kwa kubofya kisanduku kilicho kando ya jina la somo, video haijacheza hata sekunde moja. Kwizi zilizomo hazizuii cheti. Kozi yenye masomo 120 inafungwa kabla chai ya saa nne haijapoa, na ripoti inayomfikia HR inasoma 100%. Udemy wenyewe hawajifichi, wanasema wazi kuwa si taasisi ya ithibati na cheti chao ni cha kukamilisha. Anayedanganya ni yule anayekibandika kwenye faili la mtumishi kama ushahidi wa ujuzi. Mwenye leseni ya kampuni asiishie kwenye asilimia, afungue pia ripoti ya dakika zilizotazamwa. Mtu mwenye 100% ya kozi ya saa 9, huku ripoti inaonyesha ametazama dakika 14 tu, ameshajieleza.

LinkedIn Learning, ambayo chimbuko lake ni Lynda.com iliyonunuliwa na LinkedIn mwaka 2015 kwa dola bilioni 1.5, ina ugonjwa wa familia moja na huo. Kozi nyingi zinahesabu kutazama tu. Video inacheza kwenye dirisha la nyuma, mtu anajibu WhatsApp, cheti kinakuja. Sifa yake nawapa: masomo ni mafupi, yana mafaili ya mazoezi, na maandishi ya anachosema mwalimu yapo pembeni kwa hiyo unaruka moja kwa moja hadi sentensi unayoitaka. Kwa mtu aliyekwama kwenye kitu kimoja cha Excel au Photoshop, hapo wanawashinda wengi. Kama kithibitisho cha uwezo, hapana.

Coursera ina mtihani wa kweli kidogo. Kwizi zinazohesabiwa zina alama ya kufaulu, mara nyingi 80%, na kozi kadhaa zina kazi ya kuwasilisha. Tatizo liko kwenye ndoa ya vitu viwili: malipo ya kila mwezi na wanafunzi kusahihishana. Unawasilisha kazi, unatakiwa usahihishe za wenzako kadhaa, kisha unasubiri na wewe usahihishwe. Kozi ikiwa na watu wengi, siku mbili zimetosha. Kozi ikiwa imepoa, unakaa wiki unachungulia ukurasa usiobadilika, na wakati huo mwezi wa malipo unageuka. Yaani umelipa mwezi mzima mwingine kwa ajili ya kusubiri mgeni fulani akubonyezee alama. Dawa ni kuwasilisha kazi zote za kusahihishana wiki mbili za mwanzo hata kama video hujazimaliza, na kuomba wasahihishaji kwenye jukwaa la majadiliano la kozi hiyo siku hiyo hiyo.

Kuna mtego mwingine Coursera ambao umewala watu wengi: kujiondoa kwenye kozi SI kusitisha malipo. Ukibofya kujiondoa, kozi inapotea kwenye ukurasa wako, unalala usingizi, na kadi inaendelea kukatwa. Kusitisha kunafanyika kwenye sehemu ya manunuzi ndani ya akaunti, si kwenye ukurasa wa kozi. Siku 7 za majaribio zikipita bila kusitisha, unakatwa, na malipo ya mwezi hayarudishwi. Coursera Plus, yaani usajili mmoja unaofungua kozi nyingi, ukilipia mwaka ndiyo ina siku 14 za kurudishiwa.

Hesabu yake ifanyeni kabla ya kulipa. Bei ya kawaida ya Coursera Plus ni dola 59 kwa mwezi au 399 kwa mwaka. Gawanya 399 kwa 59 upate 6.76, maana yake mpango wa mwaka unalipa kama utasoma miezi 7 au zaidi. Mtumishi anayesoma robo moja ya mwaka halafu inaingia hesabu ya kufunga mwaka wa fedha, mmechoma hela. Huko Tanzania kumbukeni VAT ya 18% ambayo tangu Julai 2022 inawahusu pia watoa huduma za kielektroniki walio nje ya nchi. Jukwaa lililosajiliwa TRA (mamlaka ya mapato) likiiongeza, 399 inakuwa 470.82. Kwenye ombi la bajeti andikeni hiyo ya pili. Kila mwaka pesa inapelea, kisha mnasema dola imepanda.

edX niiseme haraka. Ilianzishwa 2012 na Harvard na MIT, na bado kuna watu wanaiuza vikaoni kama mali ya Harvard. Iliuzwa kwa kampuni ya 2U mwaka 2021 kwa dola milioni 800, na 2U yenyewe ilikwenda mahakamani Marekani kuomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2024. Kozi za vyuo bado ni nzuri, pengine kuliko zote nilizotaja kwa mtu anayetaka nadharia ya takwimu au usimamizi wa ugavi. Ila njia ya bure inafungia kazi zinazohesabiwa na muda wa kuingia una kikomo. Asiyelipa asiahidi cheti kwa bosi.

Sasa kadi. Asilimia kubwa ya watumishi wetu hawana kadi ya benki inayoruhusu manunuzi ya nje, wanatumia kadi pepe ya pesa za simu. Kadi hizo zinafanya kazi, lakini malipo ya kujirudia huzigomea: CVV (namba tatu za siri za kadi) imeisha muda au salio halipo siku ya kukatwa, malipo yanakataliwa, akaunti inashushwa katikati ya kozi. Kwa watu wa namna hii kozi ya kulipia mara moja ni salama kuliko usajili wa mwezi. Udemy hapo ina faida, mradi usilipe bei ile iliyokatwa mstari. Kozi inayoonyeshwa kwa dola 80 au 100 hushuka hadi 10 au 15 mara kwa mara, kwa hiyo bei halisi ndiyo hiyo ya chini. Siku 30 za kurudishiwa zipo, lakini ukishatazama au kupakua sehemu kubwa wana haki ya kukataa. Na ukinunua kupitia programu ya iPhone, madai yako yanaenda Apple.

Bando nalo halimo kwenye jedwali la mtu yeyote. Video inayotiririka kwa megabiti 1.5 kwa sekunde inakula megabaiti 675 kwa saa. Kozi ya saa 20 ni GB 13.5. Ukishusha ubora hadi megabiti 0.5 kwa sekunde ni MB 225 kwa saa, jumla GB 4.5. Mnawapa watu leseni ya dola mia nne halafu hamuwapi bando, mnategemea wasome nyumbani usiku kwa hela yao? Coursera, Udemy na LinkedIn Learning zote zinaruhusu kupakua video kwenye programu ya simu. Waambieni watu wapakue ofisini kwa Wi-Fi, na kwenye mpangilio wa programu wachague ubora wa chini kwanza, kwa sababu ukipakua kwa ubora wa juu simu ya GB 32 inajaa mapema.

Kundi linalonitia hasira kuliko wote ni kampuni zinazonunua vifurushi vya kozi vya SCORM (muundo wa kufungasha kozi ili zifunguke kwenye mfumo wowote wa mafunzo) na kuvipachika kwenye Moodle yao, yaani mfumo wa mafunzo wa kampuni, kisha mfanyakazi anaambiwa "hukumaliza" wakati amemaliza. Si uchawi. SCORM 1.2 ni ya mwaka 2001, na sehemu inayohifadhi mtu alipoishia ina kikomo cha herufi 4,096. Kozi ndefu yenye vitufe vingi na maswali mengi ikishapita hapo, kumbukumbu inakatwa au inakataliwa kuhifadhiwa, na kesho mtu anaanza slaidi ya kwanza. SCORM 2004 toleo la tatu iliongeza kikomo hadi 64,000. Pili, 1.2 ina hali moja tu inayobeba "amemaliza" na "amefaulu" kwa pamoja, ndiyo maana unakuta mtu kafaulu 90% na ripoti inasema hajakamilisha, au kafeli na ripoti inasema kakamilisha. SCORM 2004 ilitenganisha hizo mbili. Tatu, kozi nyingi hutuma matokeo pale mtu anapobofya kitufe cha kutoka kilicho ndani ya kozi. Akifunga dirisha kwa alama ya X, au mtandao ukikatika, hakuna kilichotumwa.

Kabla ya kumlipa muuzaji wa kifurushi, fanyeni jaribio hili kwenye Moodle yenu wenyewe, si kwenye ya kwake: fungua kozi, fika katikati, funga kwa X, ingia tena uone inaanzia wapi. Maliza kwa kufeli kwa makusudi, angalia ripoti inasemaje. Maliza kwa kufaulu, angalia tena. Kisha rudia yote kwa simu yenye mtandao wa kusuasua. Ni saa mbili za kazi. Muuzaji akigoma kuwapa kifurushi cha majaribio, mshaijua sababu.

Na kuna mafunzo ambayo hayana biashara kwenye video hata kidogo. Huduma ya kwanza kazini, kuendesha fokolifti, kufanya kazi kwenye kimo, kuzima moto: video ni utangulizi, baada ya hapo mikono ishike kitu mbele ya mkufunzi. Ukaguzi wa OSHA (wakala wa usalama na afya kazini) ukifika mtoe PDF ya kozi ya dakika 40? Kwa wahasibu, wahandisi na wataalamu wa ununuzi, ulizeni bodi zenu kwa barua pepe KABLA ya kulipa kama saa za jukwaa hilo zinahesabiwa kwenye mafunzo endelevu ya taaluma. Jibu la maandishi, si la simu. Kwa ndugu zetu wa Kenya, mwajiri anayelipa ada ya NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani) ya shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi akitaka kurejeshewa gharama ya mafunzo anahitaji kibali kabla ya mafunzo na mkufunzi aliyesajiliwa nao, kwa hiyo risiti ya usajili wa mtandaoni peke yake haimfikishi popote.

Wakati huo huo vitu vya bure vyenye uzito vinapuuzwa kwa sababu havina afisa mauzo wa kuleta kalenda na kalamu. Microsoft Learn ni bure, sehemu kubwa ni maandishi kwa hiyo bando linadumu, na mazoezi yake yanafuata mitihani yao. Cisco Networking Academy ina kozi za bure za mtandao pamoja na Packet Tracer, ambayo fundi anajenga mtandao mzima kwenye kompyuta bila kununua ruta hata moja. Hela mliyookoa mlipieni mtu mtihani wenye msimamizi. CCNA, mtihani wa Cisco wa mafundi mtandao, ni dola 300, na huko hakuna kisanduku cha kujiwekea tiki.

NYONGEZA: Kuna waliouliza PM kuhusu jina kwenye cheti na kuhusu mtu anayeacha kazi. Jina: Udemy na LinkedIn Learning wanachukua lililo kwenye wasifu wako, kwa hiyo weka majina kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA kabla ya kumaliza kozi. "Big Boss Tz" kwenye cheti haiingii kwenye faili. Kuacha kazi: akaunti ikiwa imefunguliwa kwa barua pepe ya ofisi, siku IT wakiifunga umefungiwa nje na historia yako yote. Pakua PDF ya kila cheti siku hiyo hiyo kinapotoka na uihifadhi nje ya kompyuta ya kazi. Kwa LinkedIn Learning ya kampuni, unganisha leseni na wasifu wako binafsi mapema. Msaada wa kifedha wa Coursera: unaombwa kwa kozi moja moja, majibu huchukua kama siku 15, na si lazima upewe punguzo la 100%, kwa hiyo ombeni kozi ya pili wakati mnasoma ya kwanza.

Mwenye jukwaa linalopokea malipo ya simu moja kwa moja bila kadi, kwa Tanzania, aweke hapa picha ya ukurasa wa malipo. Picha, wakuu, maneno tumeshasikia ya kutosha.