Kuchora mtu mzima kwa mkaa: kichwa kikubwa, miguu inakosa karatasi

Mchoraji_Mbichi
Wakuu, nipo mwaka wa kwanza sanaa. Mtihani ni modeli aliyesimama, karatasi A2, mkaa, saa mbili. Kila nikichora kichwa kinakuwa kikubwa na miguu inaishia ukingoni. Mkaa nao unachafuka hadi kazi yote inakuwa kijivu. Naombeni msaada.

Mzee wa Vijiti
Unaanzia usoni, ndiyo maana. Weka kwanza alama mbili, utosi na nyayo, ukiacha sentimita 4 juu na chini. Kisha gawa katikati: kwa mtu mzima aliyesimama wima, nusu inaangukia karibu na kinena, si kiunoni. Uso uje mwisho kabisa.

Binti Kifutio
Sawa, lakini hiyo ni ya kuanzia tu, modeli apimwe. Nyoosha mkono, kaza kiwiko, fumba jicho moja, pima urefu wa kichwa chake kwenye penseli, ncha utosini na kidole gumba kidevuni, halafu hesabu unaingia mara ngapi hadi chini. Wengi hucheza kwenye 7 hadi 7 na nusu. Kiwiko kikilegea kidogo tu, kipimo kimeharibika. Na piga chaki sakafuni miguu yako iliposimama, ili urudi palepale kila unapopima.

Halafu, ubao unaulaza mezani?

Mchoraji_Mbichi
Ndiyo, naulaza.

Binti Kifutio
Basi kesi imeisha. Ubao ukilala, juu ya karatasi kunakuwa mbali na jicho, unakuona kumefupika, unakukuza bila kujua. Usimamishe.

Kivuli Kizito
Uchafu: anza na mkaa wa vijiti, huo unafutika. Ule wa kushindiliwa (unga wa mkaa uliobanwa) ni mweusi kweli, ila ukishaingia kwenye karatasi hautoki, uuache hadi dakika 20 za mwisho. Manila nyororo haishiki mkaa, tafuta karatasi yenye mkwaruzo. Kifutio cha kukanda (kile laini kinachofinyangika) kibonyeze, usisugue.

Mchoraji_Mbichi
Asanteni sana. Na ile michoro ya dakika moja moja, ni kupoteza muda?

Mzee wa Vijiti
Hapana, ila haikufundishi vipimo. Inakufundisha uzito uko mguu gani: nyonga ya upande huo hupanda, bega lake mara nyingi hushuka. Ning'iniza uzi wenye kijiwe mbele ya jicho, uupitishe kwenye kishimo cha koo. Modeli akiwa ameegemea mguu mmoja, uzi unashukia karibu na kifundo cha mguu huo. Kwenye mchoro wako ukishukia pengine, mtu wako anaanguka.