Mdogo wangu anataka kuacha mke na mtoto, anasema Buddha naye aliondoka

Wakuu, naomba ushauri. Mdogo wangu ana mke na mtoto wa miezi minne. Tangu ameanza kusoma habari za Buddha ameacha kazi, anakula mlo mmoja, mtoto akilia hamnyanyui. Anasema Siddhartha Gautama, yaani Buddha mwenyewe, mtoto wa mfalme, aliondoka usiku akiwa na miaka 29, akamwacha mkewe Yasodhara na mwanawe mchanga Rahula. Shemeji hana raha kabisa. Sitaki kumtukania imani, nataka hoja.

Kisima: Pole sana mkuu. Mwambie asome mpaka mwisho. Gautama alijinyima miaka sita, akabaki mifupa na ngozi, akaona hapati alichokitafuta. Akapokea wali wa maziwa mkononi mwa mwanamke aitwaye Sujata, nguvu zikamrudia, ndipo akaketi chini ya ule mti wa Bodh Gaya, India, alipopata kuamka na kuwa Buddha. Kushinda na njaa alikuacha mwenyewe.

MamaWawili: Msimpambe. Kumkimbia mke mwenye kichanga ni kutelekeza familia, hata uwe mtoto wa mfalme.

Mzee wa Pwani: Dada, uchungu huo maandiko yao hayaufichi. Buddha aliporudi kwao Kapilavastu, Rahula alimfuata nyuma akidai urithi wake, akaishia kuingizwa utawani angali mtoto. Babu yake Suddhodana aliumia mno: kampoteza mwana, sasa na mjukuu! Akaomba tangu hapo mtoto asipokelewe bila idhini ya wazazi. Buddha akakubali, ikawa kanuni ya watawa.

Halafu yupo kijana Sigala, aliyekuwa akisujudia pande za dunia kila asubuhi. Buddha alimwambia mashariki ni wazazi wake, magharibi ni mkewe: amheshimu, asimdharau, asitoke nje ya ndoa. Hakumwambia aache nyumba. Mtu wa familia ana njia yake katika Ubuddha.

Sasa nikuulize, mzee wenu anajua?

Mleta uzi: Hajui. Hilo la idhini ya wazazi sikuwahi kulisikia. Jumamosi tunakwenda kwake.

Kisima: Kama mko Dar, Upanga kuna hekalu la Wabuddha. Aende akazungumze na mtawa ana kwa ana, si kujisomea chumbani peke yake.

MamaWawili: Na shemeji yako awepo kwenye kikao. Aulizwe yeye kwanza.