Kuhamia Brooks, Alberta (Kanada): nyumba zikoje?

Mama Neema: Habari zenu. Mume wangu amepata kazi kiwanda cha nyama kule Brooks. Tuko Toronto na watoto watatu. Mji ukoje, na nyumba zinapatikana?

Baba Zawadi: Karibu sana dada. Mimi huu ni mwaka wa sita hapa. Sensa ya 2021 ilihesabu watu 14,924. Mwaka 2016 walikuwa 14,451. Mji mdogo, ila dukani utasikia Kisomali, Kitagalogi cha Wafilipino na Kiswahili cha Kongo kwenye foleni moja. Nyumba nyingi ni za familia moja, ghorofa ni chache. Sisi tulianzia nyumba ya chini ya ardhi, ile wanaita basement. Dirisha lilikuwa usawa wa nyasi, theluji ikianguka linazibika kabisa, kila asubuhi natoka na koleo kulizibua ili watoto waone mwanga. Kwa watoto watatu, dada, usikubali huko chini.

Mama Neema: Asante kaka. Na amana, ile pesa ya dhamana anayoshika mwenye nyumba? Mwenye nyumba mmoja anataka kodi ya miezi miwili.

Baba Zawadi: Usitoe! Sheria ya Alberta hairuhusu amana izidi kodi ya mwezi mmoja. Mimi nililipa miwili kwa kutojua, hadi leo inaniuma.

Dada Riziki: Na kodi yenyewe haina kikomo cha kupanda, ila haipandishwi mara mbili ndani ya mwaka. Uliza pia gesi ya kupashia joto analipa nani. Januari ndipo utajua kwa nini nimekwambia.