Mtu akiandika "nmtm" amesema nini? Naomba ushauri kuhusu vifupisho katika ujumbe wa kikoba

KatibuWaKikoba

Ndugu zangu, salamu. Mimi ni katibu wa kikoba chenye wanachama 28 hapa Morogoro. Tunakutana kila Jumapili, lakini katikati ya juma mambo yetu mengi ya fedha huzungumzwa kwenye kundi letu la WhatsApp, na mimi ndiye ninayeyatoa kwenye simu na kuyaingiza kwenye daftari.

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alilazwa, tukakubaliana apewe shilingi 150,000 kutoka mfuko wa jamii. Usiku ule mweka hazina wetu akaandika kwenye kundi: "Hela ya mgonjwa nmtm". Mimi nikasoma "nimetuma", nikaandika daftarini kwamba fedha zimetoka, nikafunga ukurasa. Kumbe mwenzangu alikuwa anauliza, "nimtumie?", akalala akisubiri ruhusa yetu. Siku 4 zikapita ndugu wa mgonjwa wakikopa kwa majirani, huku wakishangaa kwamba kikoba kimewatupa. Baya zaidi ni kwamba mjumbe mmoja, aliposikia fedha hazijafika, aliurudia ujumbe ule ule na kuusoma "nimetumia", yaani mweka hazina amekiri mwenyewe kwamba amezila. Mama mtu mzima, aliyetutunzia fedha miaka 6 bila kupungua hata shilingi, alilia mbele ya kikao.

Sasa nataka kupeleka pendekezo kwamba vifupisho vipigwe marufuku katika ujumbe wote unaohusu fedha, na atakayekiuka alipe faini kama anayechelewa kikao. Vijana wanapinga, wanasema hata mimi naandika "n.k." na "J3" kila siku, kwa hiyo nianze kujitoza faini mwenyewe. Hoja yao imenikwama kooni kwa sababu ni ya kweli. Mpaka uwekwe wapi?

MwalimuMstaafu

Katibu, poleni kwa yaliyowapata, na umfikishie huyo mama pole zangu.

Nilifundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu kosa halikuwa kufupisha. Kosa lilikuwa kufyeka irabu ndani ya kitenzi. Kitenzi chetu si neno moja kama maneno mengine. Ni sentensi nzima iliyofungwa pamoja, na ndani yake mna mtendaji, wakati, mtendewa na hata nia ya msemaji. Chukua "nimetuma" na "nimtumie" uziweke sambamba. Katika neno la kwanza, ile "m" inayofuata "ni" ni ya "me", inayoonyesha kwamba jambo limekwisha kutendeka. Katika la pili, "m" hiyo ni mgonjwa mwenyewe, yeye anayetumiwa. Ukiondoa irabu, wakati na mgonjwa wanakuwa herufi moja, na hakuna msomaji duniani anayeweza kuvitenganisha. Ile "e" ya mwisho nayo, ambayo peke yake ndiyo inayoomba ruhusa, imetupwa kana kwamba haina kazi.

Angalia jinsi Kiswahili chenyewe kinavyofupisha kikiachwa kifuate tabia yake. Kutoka "Upungufu wa Kinga Mwilini" tulipata UKIMWI. Kutoka "Teknolojia ya Habari na Mawasiliano" tulipata TEHAMA. "Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa" ikawa TAMISEMI, na Baraza la Kiswahili la Taifa tunaliita BAKITA. Hata chakula cha jioni kilizaa "chajio". Katika yote hayo hatukuchukua herufi za mwanzo tu. Tulichukua silabi zilizokamilika, kila moja na irabu yake, na ndiyo maana akronimu hizo hutamkika kama maneno tuliyozaliwa nayo. Pale tulipochukua herufi tupu, kama CCM au JKT, tunalazimika kuzitaja moja moja kwa majina yake.

Kuhusu "n.k.", "k.m.", "S.L.P.", "Dkt." na hata "ktk", vijana wako wasikutishe. Maneno hayo hayanyambuliki. "Katika" haibadiliki kwa nafsi wala kwa wakati, na aliyeona "ktk" mara moja ameijua siku zote. Kwa hiyo mpaka ninaoupendekeza ni huu: neno lisilobadilika umbo linaweza kufupishwa kwa mapatano, lakini kitenzi kiandikwe chote, hasa kitenzi kinachohusu fedha.

"J3" ni kifupisho kizuri sana, nami nakipenda, kwa kuwa hesabu imo ndani ya jina la siku. Jumamosi ni J1, Jumapili J2, tukafika hadi Jumatano ambayo ni J5, kisha Alhamisi na Ijumaa zikakataa kwa sababu hazina namba ndani yake. Tahadhari yangu ni moja tu: mtu aliyezoea kuanza juma siku ya Jumatatu anaweza kuiona "J1" akadhani ndiyo Jumatatu. Kwa tarehe za marejesho, andikeni siku kwa ukamilifu.

FundiSimuMwanza

Mwalimu, shikamoo. Nakubaliana nawe juu ya kitenzi, lakini naomba nisimame upande wa vijana kidogo, kwa sababu mara nyingi wanaambiwa wavivu, na historia haisemi hivyo.

Ujumbe mfupi wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, naye Neil Papworth aliyeutuma aliandika salamu za Krismasi tu. Nafasi ya ujumbe mmoja ilikuwa baiti 140, kila baiti ikiwa na biti 8, na kwa kuwa kila herufi ilichukua biti 7, zikapatikana herufi 160 na si zaidi. Ukizidisha herufi moja, unalipia ujumbe wa pili. Kwa mtu aliyekuwa akinunua vocha ya kujibana, kufupisha kulikuwa namna ya kuhifadhi fedha.

Halafu kulikuwa na vitufe. Nimefungua simu za vitufe maelfu, kwa hiyo hili nalijua kwa vidole. Herufi "s" ilikuwa ya 4 kwenye kitufe cha 7, na "i" ilikuwa ya 3 kwenye kitufe cha 4, hivyo kuandika "si" kulihitaji kubonyeza mara 7. Herufi "c" ilihitaji mara 3 tu, na kwa kuwa Waingereza huitamka "sii", "sijui" ikawa "cjui". "Sasa" ilihitaji mara 10, ilhali "xaxa" ilihitaji mara 6, kwa sababu "x" ni ya 2 kwenye kitufe cha 9. Herufi "t" na "u" zilikaa kitufe kimoja, cha 8, kwa hiyo ulipaswa kubonyeza, kusubiri, kisha kubonyeza tena. Mtu akaona heri aandike "2po" kuliko "tupo". Wanaocheka "xaxa" leo wanaicheka bila kujua kwamba, kwa maoni yangu, ilizaliwa na kidole gumba kilichochoka.

Lakini hapa ndipo ninapokutana na Mwalimu. Kwenye WhatsApp hakuna tena herufi 160 za kuhesabu, na simu nyingi zina kibodi inayotabiri neno kabla hujalimaliza. Sababu imeondoka, mazoea yamebaki. Katibu, kama kuna wanachama wenu wanaopokea taarifa kwa ujumbe wa kawaida wa simu, nakuongezea jambo ambalo wengi hawalijui: ile alama iliyopinda ambayo baadhi ya simu huiweka katika neno kama "ng'ombe" haimo katika herufi za biti 7, hivyo ikiingia, nafasi ya ujumbe mzima inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Tumieni alama iliyonyooka, mtaandika maneno kamili bila gharama kuongezeka.

MamaNeema

Mama yangu haoni vizuri, kwa hiyo simu humsomea ujumbe kwa sauti. Ikikutana na "nimetuma" huitamka bila shida. Ikikutana na neno lisilo na irabu hutaja herufi moja moja, naye hubaki ameishika simu mkononi akisubiri nirudi kutoka sokoni nimweleze. Tafadhali mnapopanga kanuni, mkumbukeni na mwanachama wa namna hiyo, hata kama kwa sasa hamnaye.

BintiWaPemba

Assalaam alaykum. Aliyoyasema Mwalimu kuhusu irabu wazee wetu waliyajua zamani. Babu yangu alikuwa akiandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na kila neno alilitia fat-ha, kisra au dhumma, yaani vialama vya irabu. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini anajisumbua na vialama vile vyote, ilhali magazeti ya Kiarabu hayavitii. Akanijibu kwamba Mwarabu huweza kulitambua neno kwa konsonanti zake, lakini Kiswahili bila irabu ni mlango bila kitasa. Hata neno "irabu" tumelipata kutoka Kiarabu.

Mimi linaloniuma zaidi, kuliko fedha, ni salamu na rambirambi. Mzee anapelekewa "shkm", naye ndiye aliyetufundisha kupiga goti tunapomwamkia. Nilipofiwa na mama, nilipokea ujumbe mwingi wenye herufi 3 za Kiingereza na hakuna kingine. Najua waliotuma walikuwa na nia njema, nami sina kinyongo nao. Ila jirani mmoja, ambaye hata kusoma kwake ni kwa shida, aliandika: "Mwanangu pole, mama yako alinipa mbegu za mihogo mwaka ule wa njaa." Ujumbe huo ninao mpaka leo. Katibu, kwa kuwa kikoba chenu kinazikana na kuuguzana, naomba kanuni yenu iguse na pole, si fedha peke yake.

KatibuWaKikoba

Nawashukuru nyote, na Mwalimu, shikamoo. Salamu zako nimezifikisha, mama amezipokea kwa mikono miwili.

Jumapili tumekaa. Pendekezo la faini nimeliondoa mwenyewe, kwa kuwa maelezo ya fundi kuhusu vitufe yalinifanya nione aibu ya kuwatoza watu kwa mazoea waliyoyapata kwa sababu ya haki. Tumekubaliana kwamba kila kitenzi kinachohusu fedha kiandikwe chote, na mtu anayeuliza aweke alama ya kuuliza. Kiasi kiandikwe kwa tarakimu zote, kwani tuligundua kwamba "50k" wazee wawili walikuwa hawaielewi na waliona haya kusema. Siku ya marejesho itaandikwa kwa jina lake pamoja na tarehe. "J3" tumeiachia mazungumzo ya kawaida. Nami sitaandika tena daftarini jambo nililolikisia. Nitauliza kwanza, hata kama ni usiku. Kuhusu pole hatukuweka kanuni, lakini niliwasomea maneno ya Binti wa Pemba, na ukumbi ulikaa kimya kwa muda.

Yule mjumbe aliyesoma "nimetumia" alisimama akaomba radhi mbele ya wote. Jana mwenzetu mwingine amelazwa. Saa 3 usiku mweka hazina ameandika: "Hela ya mgonjwa nimemtumia mume wake sasa hivi, shilingi 150,000, naye amethibitisha kuipokea." Nimeinakili daftarini neno kwa neno.