Nimeacha dawa ya nywele, ninyoe au nivumilie? Niko Dodoma

binti_nkuhungu
Habari za leo wapendwa. Nimeweka dawa tangu nilipomaliza kidato cha nne. Shuleni tulikuwa tunanyolewa, kwa hiyo nywele zangu zenyewe sijawahi kuziona zikiwa ndefu. Sasa nimeacha. Zinazoota chini zinajikunja vizuri, nazipenda kweli, lakini za juu zimelala, na pale zinapokutana ndipo zinapokatikia. Nikichana, kitana kinajaa. Sendofu ya mdogo wangu ni Desemba na mama hataki hata kusikia habari ya kipara mbele ya wakwe. Nimehamia huku kikazi, nahisi hewa na maji ya Dodoma navyo vinachangia. Ninyoe au nivumilie? Na kuna kitu cha kuzifanya hizi za juu zijikunje tena?

msusi_makole
Dada, hicho kitu hakipo. Dawa inavunja viungo vya salfa ndani ya unywele wenyewe, na unywele ulionyooshwa hivyo haurudi ulivyokuwa. Stimu, mayai, parachichi, vyote vinalainisha tu. Tafadhali usitoe hela yako kwa anayekuahidi zaidi ya hapo.

Nywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi, mwaka mzima kama 12, na zikijikunja zinaonekana fupi kuliko hapo. Usiponyoa, suka mabutu au sokota kwa nywele zako mwenyewe, bila kukaza, na uwe unapunguza ncha kidogo kidogo. Rasta nzito hapana, inavuta palepale penye udhaifu. Pasi pia hapana: moto mkali unaweza kuua mkunjo wa hizo mpya unazozipenda.

mama_wawili_kizota
Mimi nasema nyoa, mwanangu. Siku ya sendofu utafunga kilemba cha kitenge kizuri, uvae hereni kubwa, na mama mwenyewe atakusifu. Kuhangaika na nywele za aina mbili kichwa kimoja kunachosha, hasa kwa mtu wa kuwahi ofisini.

upepo_wa_dom
Kuhusu maji umehisi sawa. Visima vingi vya huku maji yake yana chumvi, povu halishiki na nywele zinabaki zimekakamaa. Suuza ya mwisho tumia maji ya mvua ukiwa nayo, au ya kunywa, lita moja inatosha. Kiangazi chetu ni kirefu, Mei mpaka Novemba, upepo na vumbi, kwa hiyo usipake gilisirini peke yake. Hewa ikikauka hivi inaweza kunyonya unyevu wa nywele zenyewe. Anza na maji, ndipo upake mafuta juu yake. Mafuta hayaongezi maji, yanayazuia yasipotee. Ya nazi yanafaa, na ya ubuyu tunayo hapahapa. Usiku funga kitambaa cha satini.

binti_nkuhungu
Asanteni sana. Nimeamua kuvumilia mpaka sendofu, halafu nikate za dawa zote. Ila pembeni, karibu na masikio, zimepungua na panawasha. Na nichaneje zisizidi kukatika?

nesi_mstaafu
Hapo pembeni usisuke wala kubana nywele kabisa kwa sasa. Zikipungua kwa kuvutwa na ukawahi kuacha, mara nyingi zinarudi. Ukiacha mpaka ngozi ikang'aa bila vinyweleo, vishimo vya nywele vinaweza kuwa vimeshaziba na hapo hazioti tena. Kwa kuwa panawasha, nenda hospitali uulizie daktari wa ngozi, usipake dawa ya kuambiwa na jirani.

msusi_makole
Usichane zikiwa kavu. Zilowanishe, paka kondishena nyingi, gawa mafungu manne au zaidi. Toa mafundo kwa vidole kwanza, kisha kitana cha meno mapana, ukianzia nchani kupanda juu. Ukikaribia pale zinapokutana, shika hapohapo kwa mkono mwingine, ili mvuto uishie mkononi mwako. Kitana kikigoma, ongeza kondishena, usivute.