Alaska imeinunua Hawaiian: sisi wa Seattle tunaokwenda nyumbani tunafaidika nini?

mama_neema

Habari za humu ndani, na shikamooni kwa wanaostahili.

Tunaishi Kent, ndege za Sea-Tac, uwanja wa Seattle, zinatupitia juu ya paa. Desemba tumepanga kwenda Moshi familia nzima, watu watano, kwa hiyo kila dola mia inayopanda kwenye nauli mimi naizidisha mara tano.

Tangu kampuni ya ndege ya Alaska imalize kuinunua ile ya Hawaiian Septemba 2024, matangazo hayaishi. Mei 2025 walianza Tokyo, Septemba wakaanza Seoul, na 2026 ni zamu ya Roma, London na Reykjavik. Kanisani wananiambia nisikimbilie tiketi, eti kampuni zikiungana safari zinaongezeka na nauli zinashuka. Shemeji yangu aliyewahi kukaa Cincinnati anacheka tu. Anasema kwao waliungana na kumbi za uwanja zikabaki tupu.

Nani mkweli hapa? Kampuni zikiungana, safari za nje za uwanja ambao ni kitovu chao, yaani wanapokusanyia abiria na kuwabadilishia ndege, huwa zinaongezeka au zinakufa? Na mtu wa KIA, uwanja wa Kilimanjaro, kama mimi inanigusa wapi?

chumvi_kidogo

Nauli ya Desemba kushuka? Labda Desemba ya sayari nyingine, dada. Naweka kiti hapa nisome majibu.

babu_wa_memphis

Marahaba mama Neema. Shemeji yako na watu wa kanisani wote wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia uwanja wake. Nikusimulie wa kwetu, maana nilifanya kazi ndani ya uzio ule miaka mingi, kwanza kusafisha ndege, baadaye mizigo, hadi nilipostaafu.

KLM, kampuni ya ndege ya Uholanzi, ilianza kuja Memphis kutoka Amsterdam mwaka 1995. Mtu atajiuliza, Memphis kuna nini cha kuita ndege ya Ulaya? Jibu ni Northwest, kampuni ya ndege ya Marekani. Hapa palikuwa kitovu chao, na tangu 1993 Northwest na KLM walikuwa na ruhusa ya serikali ya Marekani kupanga nauli na ratiba pamoja kana kwamba ni kampuni moja. Sisi wa Kilimanjaro tuliokotea humo. Unapanda hapa jioni, asubuhi uko Schiphol, uwanja wa Amsterdam, unaingia KLM nyingine, usiku unashuka KIA na joto la Bomang'ombe linakupokea mlangoni. Kubadilisha ndege mara moja tu, kutoka mji ambao Wamarekani wengine wanaujua kwa nyama choma na Elvis.

Sasa jambo lenyewe. Nilipokuwa mizigo nilikuwa nasoma lebo za masanduku yanayopakiwa kwenye ile ndege. Little Rock, Jackson, Huntsville, Birmingham, Shreveport. Yaliyoanzia Memphis yenyewe yalikuwa machache. Ndege ile ilijazwa na watu wa miji midogo, walioletwa na vindege vya viti hamsini, wakabadilisha hapa na kuendelea. Ukiviondoa vile vindege, ya Amsterdam inaruka na viti vitupu.

Aprili 2008 Delta na Northwest wakatangaza kuungana, Oktoba wakawa wamemaliza. Wakubwa wao walisema hadharani kwamba hakuna kitovu kitakachofungwa. Lakini makao ya Delta ni Atlanta, na Atlanta kutoka hapa ni kama kilomita 530, yaani saa moja hivi angani. Mtu wa Huntsville anayekwenda Ulaya, ya nini umlete Memphis kwenye ndege moja ya usiku, wakati Atlanta anachagua kati ya miji mingi ya Ulaya siku hiyohiyo? Zaidi ya hapo mafuta yalikuwa yamepanda, na kindege cha viti hamsini ndicho kinachotia hasara kuliko vyote ukigawanya mafuta kwa kila abiria. Wakavipunguza, msimu huu viwili, msimu ujao vitatu. Septemba 2012 safari ya Amsterdam ikakoma. Septemba iliyofuata na kitovu chenyewe kikafutwa.

Cincinnati ni hadithi inayofanana, ila ina kipande kimoja kizuri. Delta walikuwa wameshaanza kuipunguza hata kabla ya kuungana, na walipoipata Northwest wakajikuta na Detroit pia, jirani kabisa, yenye watu wengi zaidi. London, Frankfurt na Amsterdam zote zikaondoka Cincinnati. Paris ikabaki. Kwa nini Paris? Kwa sababu pembeni ya mji ule, Evendale, General Electric wanatengeneza injini za ndege, na mshirika wao mkubwa Safran ni Mfaransa. Wana kampuni ya pamoja, CFM, tangu 1974. Mainjinia wanakwenda na kurudi mwaka mzima, tena tiketi inalipwa na ofisi. Sisi Memphis hatukuwa na mteja wa namna hiyo kwa Amsterdam. FedEx ipo, ni kubwa ajabu, lakini maboksi yao yana ndege zao.

Kwa hiyo ukisikia muungano, mimi huuliza mambo mawili. Kampuni mpya ina kitovu kingine karibu kinachoweza kubeba abiria walewale? Na wenyeji wa mji wanaweza kuijaza ndege bila kusaidiwa na wapita njia? Seattle iko salama kwa yote mawili. Ni nyumbani kwa Alaska, na una Boeing, Microsoft na Amazon hapo, watu wanaosafiri kikazi Januari na Julai sawasawa. Halafu kuna Delta, ambao tangu 2014 wamejijengea kitovu chao hapohapo Sea-Tac na kupigana na Alaska geti kwa geti. Alaska wametangaza Roma, Delta nao wakatangaza Roma na Barcelona. Memphis hatukuwahi kugombewa hivyo.

kipanga_hnl

Heshima yako mzee. Naongezea kutoka upande wa walionunuliwa. Nipo Honolulu, nafanya kazi hotelini, na wageni ndio mshahara wetu.

Watu wa Seattle wanashangilia safari mpya bila kuuliza ndege zimetoka wapi. Alaska walikuwa na Boeing 737. Hizo zinafika hapa Hawaii, Tokyo haziwezi. Hawaiian ndio waliokuwa na Airbus A330, na walikuwa wameanza kupokea Boeing 787 mwaka 2024. Alaska walilipa dola bilioni 1.9, humo ndani ikiwemo kubeba deni la milioni 900, wakapata ndege za masafa marefu pamoja na marubani wanaojua kuzirusha. Safari ya kwanza ya Seattle kwenda Tokyo ilirushwa na A330 ya Hawaiian. Na 787 sasa zimewekwa Seattle.

Ndege haigawanyiki. Mwishoni mwa 2025 Hawaiian waliacha safari ya Honolulu–Seoul, na Boston pia. Austin ilishaondoka mapema mwaka huohuo. Seoul iliyoanzishwa kwenu Septemba na Seoul iliyofungwa kwetu miezi michache baadaye, mimi naona ni habari moja.

Serikali iliweka masharti kabla ya kuruhusu: safari kati ya visiwa zilindwe, na maili za wateja wa Hawaiian zibadilishwe moja kwa moja bila kupunguzwa. Kuhusu safari za nje za Honolulu sikuona sharti. Kwa Korea ilikuwa tofauti. Korean Air walipotaka kuichukua Asiana, Umoja wa Ulaya uliwalazimisha kwanza wakubali kuuza shughuli za mizigo za Asiana, na wamsaidie mshindani mdogo, T'way, aanze kwenda Paris, Roma, Barcelona na Frankfurt. Ndipo wakaruhusiwa. Huko msimamizi alitazama njia moja moja.

mkazi_embakasi

Salamu kutoka Nairobi. Mzee wa Memphis amegusa kitu ambacho wengi wanaruka: ile safari ya Amsterdam haikuletwa na kampuni kununuana. Ililetwa na mkataba wa kupanga pamoja. Hapa kwetu tumeishi na mikataba hiyo. KLM ilinunua asilimia 26 ya Kenya Airways mwaka 1996, na wakawa wanashirikiana kwenye Nairobi–Amsterdam. 2004 Air France na KLM wakaungana, ila Air France wenyewe walikuwa wameacha Nairobi tangu 2000, wakarudi Machi 2018. Septemba 2021 ubia na KQ, yaani Kenya Airways, ukavunjwa. Ndege za Amsterdam na Paris bado zinaruka, kila mtu na zake, na mimi kama mnunuzi wa tiketi nawapenda zaidi wakiwa hivyo. Watu wanaogawana mapato ya njia moja hawana sababu ya kushindana bei.

Na msisahau kwamba Delta, baada tu ya kuungana na Northwest, walitangaza Atlanta–Dakar–Nairobi. Ilikuwa ianze Juni 2009. Siku moja kabla, watu wa usalama wa Marekani wakaizuia, na watu wana tiketi mkononi. Tukasubiri hadi Oktoba 2018 KQ walipoanza New York. Muungano unaweza kukupa nia na ndege, na bado kibali kikatoka ofisi nyingine.

mama_neema

Asanteni sana, nimejifunza mengi kuliko nilivyouliza. Babu, hapo kwenye Sea-Tac umenituliza. Lakini bado nauliza la tumboni: nauli. Na hii London ya Alaska, niifikirie kwa Desemba? Naona kwenye simu kuna mtu anauza Seattle–London peke yake, halafu London–Nairobi peke yake, na jumla inaonekana nafuu.

babu_wa_memphis

Nauli ina vichekesho vyake. Memphis ilipokuwa kitovu, tulikuwa miongoni mwa viwanja vya bei ghali Marekani, maana mwenye mji alikuwa mmoja. Kitovu kilipofutwa, Novemba 2013 Southwest wakaingia, na nauli za ndani zikalegea. Leo nakwenda Houston kwa binti yangu kwa bei ambayo zamani ningeikataa nikidhani nimesoma vibaya. Ila kwenda KIA sasa nabadilisha ndege mara mbili, na kwa magoti haya, mara ya pili ndiyo inayouma.

Kwa hiyo kwako wewe usiutazame muungano, tazama wangapi wanagombania njia yako. Seattle hadi KIA kwa kubadilisha mara moja unao Qatar kupitia Doha, Turkish kupitia Istanbul, na Delta hadi Amsterdam kisha KLM. Watatu hao ndio wanaopanga bei yako, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ndani ya biashara ya Alaska na Hawaiian. Alaska wanaingia kwa pembeni tu: wako kundi moja na Qatar, oneworld, kwa hiyo ukiruka na Qatar unaweza kukusanya maili kwenye kadi ya Alaska. Kwa watu watano wanaokwenda Moshi na kurudi, hizo si maili za kuacha.

London sikushauri hivyo unavyotaka kununua. Tiketi mbili zilizotengana maana yake masanduku yanaweza kukuishia Heathrow. Uyachukue, upite uhamiaji, uyakabidhi upya. Wanao labda wana pasipoti za Marekani, ila wewe na baba yao kama bado mna za Tanzania, ulizeni kwanza habari ya viza ya kuingia Uingereza, hata kama ni kwa saa nne. Na ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili huidai chochote wala haikungoji. Hapa jirani kuna familia iliyolala kwenye viti vya uwanja kwa mtindo huo, na tiketi mpya wakazinunua kwa bei ya siku ile. Reykjavik ya Alaska nayo usiiwaze, ni ya kiangazi cha huku Marekani, si ya Desemba.

Tiketi moja, namba moja ya uhifadhi, hadi KIA. Ukiikuta ya bei unayoiweza mwezi wa Julai au Agosti, nunua.

chumvi_kidogo

Mzee, na mimi wa Bukoba?

babu_wa_memphis

Wewe shuka Entebbe au Kigali, umalizie kwa basi. Na ubebe koti, maana mabasi ya usiku mpakani yana baridi.

mama_neema

Baba Neema amesoma yote. Ameniuliza kama Qatar wanaruhusu masanduku mawili kwa kila mtu, maana mama mkwe ameshatuma orodha.