Mdogo wangu kaumia kazini, mkojo wake umekutwa na bangi. Fidia ndiyo imekwenda?

Dada wa Isevya:
Habari za jioni wakuu. Mdogo wangu ni utingo, wanabeba marobota ya tumbaku kutoka Urambo kuja hapa Tabora mjini. Jumanne ya juzi wakiwa wanapakia kamba ilikatika, robota likamshukia mguu wa kushoto, ukavunjika sehemu mbili chini ya goti. Hospitali wakamchoma sindano, wakamnyoosha mguu, wakafunga. Jioni akaja afisa utumishi wao na mtu wa zahanati, wameshika kikopo cha mkojo. Kesho yake tunaambiwa bangi ipo na "dawa za usingizi" zipo, kwa hiyo fomu za WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) hawajazi, na akipona asirudi.

Nisiwafiche, bangi anavuta. Jumamosi, na wenzake. Nimemgombeza, mama kamgombeza, tumechoka. Ila hizo dawa za usingizi hata jina lake halijui. Na Jumanne alitoka kwangu saa kumi na moja alfajiri, kanywa chai na vitumbua vinne, timamu kabisa. Kamba haikuvuta bangi jamani.

Mtandaoni nimesoma kwamba ukikutwa nayo, wewe ndiye wa kuthibitisha kuwa siyo iliyoleta ajali. Ni kweli? Ana mke na mtoto wa miezi saba.

Mkoloni Mweusi:
Mvuta bangi anapakia mizigo halafu mnataka alipwe? Nchi hii bwana.

Afisa Mstaafu:
Pole dada. Hicho kiti cha afisa utumishi nimekikalia miaka mingi, ngoja nikwambie.

Ulichosoma ni cha Marekani. Kule kuna majimbo, Ohio mojawapo, ambako kipimo kikishaonyesha dawa sheria inachukulia kwamba ndiyo iliyoleta ajali hadi mfanyakazi aonyeshe vinginevyo. Wewe uko Tabora. Hapa tuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na msingi wake ni kwamba ukiumia ukiwa kazini unafidiwa, hakuna kuulizana nani mzembe. Kulewa au kuwa chini ya dawa ya kulevya kunahesabiwa utovu mkubwa wa nidhamu wa makusudi, hilo siyo la kubisha. Lakini fidia inazuiwa pale ajali yenyewe inapokuwa imetokana na utovu huo. Na hata hapo, aliyepata ulemavu mkubwa hanyimwi, wala wategemezi wa aliyekufa.

Kwa hiyo swali ni moja: kamba ilikatika kwa nini? Ilikuwa imechakaa? Nani aliinunua, na lini? Chukueni maelezo ya dereva na wapakiaji leo, kabla hawajaanza kuogopa kibarua chao.

Halafu afisa wenu hana mamlaka ya kukataa. Mwajiri akishajua ajali ana siku 7 za kuitaarifu WCF, na wanaoamua ni wao. Akigoma, mdogo wako aandike WCF mwenyewe. Dirisha la madai ni miezi 12, ila msiisubiri. Hata kabla ya ulemavu wa kudumu kupimwa, kuna asilimia 70 ya mshahara kwa muda asioweza kufanya kazi, na matibabu. Na hilo la "asirudi" ni jambo jingine kabisa, mlipeleke CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi. Akiachishwa ana siku 30 tu.

Maabara Ujiji:
Niko Kigoma, hivi vipimo vya kuchovya navishika kila wiki. Kwa bangi, kinachoonekana kwenye mkojo ni mabaki. Anayevuta mara moja moja hukaa nayo siku tatu hadi wiki, wa kila siku hata mwezi. Hakisemi Jumanne saa mbili alikuwa na hali gani.

"Dawa za usingizi" ndizo zimenichekesha. Watu wakinyoosha mfupa mara nyingi wanachoma diazepamu, dawa ya kutuliza iliyo kundi hilo hilo la dawa za usingizi, na hiyo ndiyo inayoonekana. Ombeni nakala ya faili: sindano gani, saa ngapi, na mkojo ulichukuliwa saa ngapi.

Jingine, kwenye kipimo hicho mstari wa dawa husika ukitokea maana yake dawa HAKUNA, hata ukiwa hafifu. Ukikosekana ndiyo ipo. Nimeona watu wazima wakisoma kinyume. Ulizeni kama kilipigwa picha, na kama mkojo ulibaki upelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kile ni kipimo cha awali tu.

Dada wa Isevya:
Nimerudi. Faili tumelipata, muuguzi mmoja Mungu ambariki. Diazepamu imeandikwa saa nne na robo asubuhi. Mkojo walichukua saa kumi jioni.

Picha hawana. Mkojo umemwagwa. Kamba dereva anayo, ameificha chini ya kiti, anasema ina fundo tatu za zamani.

Afisa Mstaafu:
Mwambie asiiguse. Mpige picha hizo fundo mchana, pembeni muweke gazeti la leo, na barua ya WCF iondoke Jumatatu.

Mkoloni Mweusi:
Fundo tatu? Haya dada, nimenyamaza.